Kituo cha wanyama kimejaa: tufanyeje wenye mbwa na paka wabaki nao nyumbani?

Msaidizi wa Banda

Habari za humu wakuu. Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie.

Kituo ni kidogo, kiko Tanga nje kidogo ya mji. Vizimba vya mbwa 18, chumba kimoja cha paka, daktari wa mifugo anakuja siku mbili kwa wiki. Kimejaa pomoni. Na wengi wanaoletwa si wa kuokota barabarani, wana wenyewe. Mtu anafika getini na mbwa kamfunga kamba ya manila, anasema "nimeshindwa naye", anaondoka. Paka wanakuja kwenye maboksi, mama na watoto watano.

Uongozi umekubali sehemu ya bajeti itoke nje ya ukuta, iwafuate wenye wanyama mitaani. Hela yenyewe ni kidogo. Kipi kitangulie: chanjo, kufunga kizazi, au chakula? Anayekuja kumwacha mnyama aulizwe nini bila kujiona yuko kituo cha polisi? Chanjo zitunzwe vipi na umeme huu usio na adabu? Halafu huku wengi wetu ni Waislamu. Mbwa wa ulinzi wapo kila kona ila kumshika mbwa ni shughuli. Siku ya chanjo ipangwe vipi?

Daktari wa Kata

Mkuu, kinachotangulia hakimo kwenye orodha yako na hakina gharama: geti.

Anayesema "nimeshindwa naye" bado hajakuambia tatizo. Weka kiti kivulini na mtu mmoja mwenye subira, aulize: "Ungepata msaada gani, angebaki nyumbani?" Asianze na "kwa nini unamtupa", hapo mtu anafunga mdomo au anadanganya kwamba mbwa si wake. Majibu utakayopata ni yale yale. Mwenye nyumba hamtaki. Kazaa. Anang'ata, anabweka. Anaumwa na hela ya dawa hakuna. Mwenyewe kalazwa au anasafiri. Chakula kimepanda bei. Magumu kweli ni la mwenye nyumba na la kung'ata; mengine mara nyingi yanamalizwa na dawa ya minyoo, tarehe ya upasuaji, au mfuko wa chakula cha wiki mbili.

Kama si dharura, mpe miadi ya siku 7 hadi 14. Mnyama arudi nyumbani, simu ya mwenyewe ibaki kwenye daftari, na msaada wa kwanza aondoke nao siku hiyo hiyo. Ukimpa miadi mikono mitupu umemfukuza tu. Dharura ni mnyama aliyejeruhiwa, aliyemng'ata mtu, mchanga asiye na mama, au ambaye mwenyewe hana pa kulala usiku huo. Hao wapokelewe papo hapo. Na geti lisifungwe kabisa kwa kisingizio cha miadi: mbwa ataachwa usiku kafungwa kwenye mti wa jirani, na hutajua kama aliwahi kuchanjwa.

Sababu iandikwe kwa maneno ya mtu mwenyewe. Baada ya miezi mitatu zihesabuni. Daftari hilo ndilo litakalosema hela iende wapi, kuliko mimi au yeyote humu.

Sasa la kubweka na ukali, maana ndilo linaloleta mbwa wengi wazima wa afya. Mbwa wa aina hii mara nyingi yuko kwenye mnyororo wa mita moja tangu alfajiri. Kituo kiwe na fundi wa kumfungia waya wa kutelezea: waya wa chuma wa milimita 4, urefu wa mita 6 hadi 8, ukazwe kati ya nguzo mbili kwa kimo cha mita 2, pete itembee juu yake, mnyororo uning'inie kwenye pete kwa kiungo kinachozunguka ili usijisokote. Weka kizuizi mita moja kabla ya kila nguzo, la sivyo atajizungushia nguzo mpaka ajinyonge. Kwa sababu hiyo hiyo usiufunge karibu na ukuta anaoweza kuuruka. Kivuli kifike sehemu fulani ya waya saa zote za jua, na maji yawe kwenye chombo kizito asichoweza kupindua. Saa ya usiku ndipo afunguliwe azunguke uwanjani. Wiki mbili za utaratibu huu zinabadilisha mbwa kuliko fimbo.

Afya Moja

Naongezea kwenye chanjo. Kwa hela kidogo, kichaa cha mbwa kitangulie, na iwe bure. Chanjo nyingine mnaweza kuomba mchango, hii hapana, kwa sababu lengo lake ni mtaa mzima na siyo mbwa mmoja. Mnatafuta asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kila mwaka. Chukulia mtaa wenye mbwa 200. Mmechanja 140. Ndani ya mwaka theluthi moja ya hao wakifa au kuhamishwa na nafasi zao zikashikwa na watoto wapya, waliobaki na kinga ni kama 93, hawafiki nusu. Mkianza na 80 badala ya 140, kabla ya mwaka kwisha ugonjwa una njia ya kupita. Kuwapiga risasi au kuwategea sumu mbwa wazururaji hakusaidii, kwani unaua na waliochanjwa, na wanaojaza nafasi hawana kinga.

Mfano uko jirani yenu hapo ng'ambo. Pemba kichaa kiliondolewa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kikarudi 2016 kwa mbwa walioletwa na watu kutoka nje ya kisiwa, kikaondolewa tena 2018 baada ya uchanjaji kurudishwa. Mkiacha mwaka mmoja mnaweza kuanza upya.

Msifanye peke yenu. Afisa mifugo wa kata ahusishwe tangu mwanzo, kwa kuwa ugonjwa huu hutolewa taarifa serikalini, na kuchoma sindano kufanywe chini ya daktari aliyesajiliwa.

Siku yenyewe: saa 2 hadi saa 5 asubuhi, chini ya mti unaojulikana, na pawe karibu. Mtu akitakiwa kutembea zaidi ya nusu saa na mbwa asiyezoea kamba haji. Tangazo lipite kwa mwenyekiti wa mtaa, shuleni, msikitini, kanisani, na kipaza sauti jioni ya kuamkia siku hiyo. Watu watano wanatosha: wa daftari, wa kushika mbwa, wa sindano, wa kadi, na mmoja wa watoto. Huyo wa mwisho ndiye watu humsahau. Mbwa wengi huletwa na watoto, na ugomvi huanzia kwenye foleni. Chora mistari ya mita 3 kati ya mbwa na mbwa, muwe na kamba za akiba za mita 2.

Dozi ni mililita 1 kwa kila mbwa awe mkubwa au mdogo, kama lebo inavyosema. Haipunguzwi kwa uzito. Watoto chini ya miezi mitatu wachanjwe pia siku ya kampeni, ila kadi iandikwe wazi kwamba warudiwe. Sindano ikishatumika isifunikwe tena kifuniko, iingie moja kwa moja kwenye sanduku gumu. Aliyechanjwa afungwe utepe shingoni au apakwe rangi mgongoni. Kesho yake alfajiri watu wawili wapite mitaani wahesabu wenye alama na wasio nayo. Hesabu hiyo ndiyo itasema mmefika 70 au la. Idadi ya chupa zilizoisha haisemi lolote, kwani hamjui mbwa walikuwa wangapi.

Kuhusu friji: nyuzi 2 hadi 8. Chanjo zikae rafu ya katikati, mbali na mlango na mbali na sehemu ya barafu. Chanjo ya kichaa ikiganda imeharibika ingawa kwa macho inaonekana nzima. Nafasi zilizo wazi zijazwe chupa za maji, hizo hushika baridi umeme ukikatika. Kipimajoto kiwe ndani, kisomwe asubuhi na jioni, kiandikwe. Umeme ukienda, friji isifunguliwe. Ukikatika zaidi ya masaa matatu au manne hivi, hamishia chanjo kwenye kikasha cha baridi, vipande vya barafu vifungwe kitambaa visiguse chupa.

Kuna utafiti uliofanyika Tanzania ulioonyesha kwamba chanjo ya kichaa iitwayo Nobivac Rabies hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Kutokana na hilo vikabuniwa vyungu vya udongo vya kutunzia chanjo vijijini, vinavyopoozwa na maji yanayokauka. Ila Tanga hewa ina unyevu, maji hayakauki haraka kama bara, kwa hiyo chungu hakitapoa sana. Na hili lisichukuliwe kama ruhusa kwa chanjo nyingine. Ile ya pamoja ya parvo (ugonjwa wa kuhara damu) na homa ya mbwa ina virusi hai, joto la mchana mmoja linaweza kuiua.

Mpwani wa Lamu

Assalaam alaykum. Nijibu lile la Waislamu maana naona limepitwa.

Pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, ambako mate na majimaji ya mbwa ni najisi na huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumfuga kwa ulinzi hakukatazwi. Basi mtu hamchukii mbwa wake, ila hataki kurudi nyumbani na nguo ya kufua mara saba. Ukilielewa hilo, mpangilio ni mwepesi. Mwenye mbwa asilazimishwe kumkumbatia. Amlete kwa kamba ndefu, mtu wa kituo ndiye amshike. Pawe na bomba au madumu ya maji, sabuni, na ndoo ya udongo safi imewekwa wazi pembeni, bila mtu kuiomba. Foleni ya paka iwe mbali na ya mbwa, upande wa juu wa upepo kama mnaweza, maana paka akisikia harufu ya mbwa anapasua kapu. Ijumaa muifunge mapema au muiache kabisa. Na asiyependa kuja uwanjani, mtu wenu apite nyumba kwa nyumba jioni. Mbwa wa ulinzi wengine hawajawahi kutoka nje ya ua tangu wazaliwe.

Halafu msiwasahau punda. Kwetu Lamu The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, wana kliniki tangu 1987, tiba ya bure, dawa ya minyoo, na punda anarudi kwa mwenyewe jioni kuendelea na kazi. Ni fikra ile ile unayoiuliza hapa, ila kwa mnyama anayelisha familia. Tanga nako punda na ng'ombe wa mkokoteni wapo.

Bi Paka

Wanangu, chanjo sawa, lakini hayo maboksi ya mama na watoto watano hayatapungua kwa chanjo. Paka jike anaweza kushika mimba ana miezi minne tu, anabeba siku 63 hadi 65, na ananyonyesha huku kashika nyingine. Mbwa jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka. Hela ya upasuaji ianze kwa majike. Madume mkihasi tisa, wa kumi anatosha mtaa mzima.

Pawe na siku ya paka na siku ya mbwa, msichanganye. Karatasi ya ridhaa iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma, ieleze kwamba dawa ya usingizi ina hatari yake. Namba moja ifungwe shingoni mwa mnyama, namba hiyo hiyo kwenye karatasi, hiyo hiyo kwenye kapu. Paka weusi kumi kwenye chumba kimoja hujui yupi wa nani.

Mnaharibu siku kwa jambo moja: chakula. Mnyama mkubwa asile tangu saa 4 usiku, maji aachiwe mpaka asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi minne asifungishwe usiku kucha, sukari yake inashuka mwilini na anaweza asiamke. Huyo saa 2 hadi 4 za kutokula zinatosha. Mpigieni simu mwenyewe jioni, na muulize tena asubuhi "nani mwingine nyumbani anamlisha?" Bibi na watoto humpa kipande cha ugali kwa huruma, akija kutapika akiwa usingizini kinaingia mapafuni.

Akishapasuliwa alale kwenye boksi lenye kanga au gazeti, pasipo na upepo. Paka mdogo hupoteza joto upesi hata huku kwetu kwenye jua, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa iwekwe karibu naye isimguse. Asirudishwe nyumbani mpaka asimame mwenyewe. Siku 10 hadi 14 asioge, asirukeruke, asilale vumbini. Akilamba kidonda avikwe kola ya plastiki, au fulana ya mtoto iliyotobolewa miguu. Kidonda kilichofunguka, damu inayodondoka, harufu, au asiyekula zaidi ya siku moja: arudi kituoni, bila malipo. Lazima iwe bila malipo, la sivyo atakaa nyumbani mpaka usaha. Na dume mwambieni mwenyewe atengwe na majike kwa mwezi mmoja na zaidi, mbegu zilizobaki ndani bado zinafanya kazi. Watu husema "mlimhasi bure".

Kwa paka wa sokoni na wa bandarini wasio na mwenyewe, mtego wa kisanduku. Anayewalisha aache kuwalisha siku moja kabla. Chambo ni dagaa, wachache nje na wengi nyuma ya kibati cha ndani ambacho paka akikikanyaga mlango unajifunga. Akinaswa, funika mtego na kanga papo hapo, atatulia. Akiwa usingizini akatwe ncha ya sikio moja, kama sentimita moja, iliyonyooka, asije akanaswa na kupasuliwa tena. Arudishwe pale pale alipotolewa. Mkimpeleka mtaa mwingine mmeanzisha vita.

Kijana Mfugaji

Wadau mnasahau kupe na viroboto, ndilo wenye mbwa wanalalamikia kila siku. Kituo kinunue dawa ya kuogeshea ng'ombe, lita moja inachanganywa inatosha mbwa wa mtaa wote. Na paka pia waogeshwe humo humo. Rahisi sana.

Daktari wa Kata

Kijana, hapo utaua wanyama na jina la kituo kwa siku moja.

Dawa za josho haziko sawa. Nyingine ni amitraz, nyingine za jamii ya oganofosfeti, nyingine pairethroidi. Kipimo kilichoandikwa kwa ng'ombe si cha mbwa, na mbwa anajilamba, ng'ombe halambi mwili mzima. Paka kamwe asioge humo. Permethrin, mojawapo ya pairethroidi, salama kwa mbwa kwa kipimo chake, humtetemesha paka mpaka afe kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Amitraz nayo asipewe paka.

Mkiletewa aliyekwisha kuogeshwa na sasa anadondosha mate, anatetemeka, au mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano: vaa glovu, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, muda wote azuiwe kujilamba, apelekwe kwa daktari na chupa ya dawa aliyotumia. Msimpe maziwa, msimtapishe.

Kwa kupe kituo kinunue dawa ya kudondosha shingoni au vidonge vya mbwa, vipimwe kwa uzito. Kwa hiyo mzani ni kitu cha lazima. Mzani wa kilo 100 wa chini unatosha: mtu anapanda peke yake, anapanda na mbwa, unatoa. Banda na nyufa za ukuta zishughulikiwe pia, kupe wengi wako huko kuliko mwilini. Mbwa aliyedhoofu, ana homa, ufizi umepauka, anatoka damu puani, hiyo si ya kuogesha. Mara nyingi ni ugonjwa wa kupe unaotibiwa na doxycycline siku 28. Mwenyewe huacha siku ya nane akiona anakula. Mpeni dawa ya wiki moja moja, aje na mbwa kuchukua inayofuata.

Na tangazo kubwa lililoandikwa kwa mkono libandikwe getini: PARACETAMOL INAUA PAKA. Kidonge kimoja kinatosha. Watu huwapa kwa nia njema wakiona homa.

Jambo moja zaidi kwa mbwa wanaoletwa "wanatoka damu ya hedhi isiyoisha", dume au jike. Angalieni kama kuna kinyama kama koliflawa sehemu za siri. Ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Unatibika kwa sindano ya vincristine mara moja kwa wiki, kwa kawaida mara 4 hadi 6, mikononi mwa daktari tu. Kumhasi peke yake hakumponyi. Wengi hutupwa kwa sababu ya damu hii sakafuni.

Msaidizi wa Banda

Asanteni sana, nimeandika yote. Mawili yamebaki. Chakula: tugawe vipi bila foleni ya watu wasio na mbwa? Na mtu aliyelazwa hospitali, tumchukulie mbwa wake kwa muda? Uongozi unaogopa hatarudi kumchukua.

Stoo na Vizimba

Chakula kwanza. Mbwa wa kilo 10 anatosheka na gramu 180 hadi 200 za chakula kikavu kwa siku, kama kilo 6 kwa mwezi. Paka wa kilo 4 ni gramu 60, hafikishi kilo 2 kwa mwezi. Ukijua hilo unajua stoo yako inahudumia nyumba ngapi kabla ya kuahidi. Fungasheni mifuko ya kilo 1 na 3, muandike tarehe ya kufungua gunia na jina la chakula. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mkojo wa panya huleta homa ya mgunda, kwa mbwa na kwa mtu wa stoo pia.

Wasio na mbwa watajichuja wenyewe kadi ya chanjo ikiwa ndiyo kadi ya chakula. Asiye nayo anapewa mfuko wa wiki moja na tarehe ya kuchanjwa. Wako wanaosema chakula kisitolewe mpaka jike afungwe kizazi. Mimi sikubaliani nao. Nafasi za upasuaji ni chache, utamnyima chakula mbwa kwa kosa la ratiba yenu. Mpe chakula, muandikishe tarehe.

Lakini wengi hawatakula chakula cha dukani milele, kwa hiyo wafundisheni sufuria. Kwa mbwa: theluthi moja au zaidi iwe dagaa, mapupu, au samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba, iliyobaki ugali au wali, bila kitunguu, bila chumvi nyingi. Mifupa iliyopikwa hapana, inavunjika kama kioo. Dagaa wa mchanga waoshwe mara tatu. Paka haishi kwa ugali hata kidogo. Asipopata nyama au samaki wa kutosha hukosa kirutubisho kiitwacho taurini, macho na moyo huharibika. Na hili mlisisitize: unga ulioota ukungu "tumpe mbwa" ndio unaoua mbwa. Sumu ya ukungu huo, sumukuvu, haiishi kwa kupikwa. Mbwa anasusa kula, anatapika, macho yanageuka njano, ini limekwisha. Msipokee unga wa aina hiyo hata kama msaada.

La kulea kwa muda. Pokeeni, lakini kwa karatasi na kwa nyumba za watu. Banda la waokotwa si pa kumweka mbwa wa mgonjwa. Parvo inaweza kukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi, mpaka mwaka, na mbwa aliyekuja mzima atarudi na kuhara damu. Tafuteni familia tano au sita za kujitolea, kila moja mbwa mmoja, ambazo hazina watoto wa mbwa wasiochanjwa. Kituo kinatoa chakula, dawa na namba ya kupiga usiku. Kama lazima alale kituoni, awe upande wake, ndoo na ufagio wake, ahudumiwe kabla ya wagonjwa na si baada. Sakafu isuguliwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki ya asilimia 3.5, nusu lita kwenye ndoo ya lita 10, ikae dakika 10 ndipo isuuzwe. Jiki juu ya uchafu haifanyi kitu.

Karatasi iwe na: maelezo ya mnyama na picha, tarehe ya kuja na ya kurudi, simu ya mwenyewe na za watu wawili wanaoishi nyumba tofauti, idhini ya matibabu mpaka kiasi gani, na nini kitafuata tarehe ikipita. Siku 14 za kawaida, zinaongezwa kwa simu moja, mara nyingi kadiri hospitali inavyosema. Mtu wenu ndiye apige siku ya 7 na ya 12, asisubiri kupigiwa. Mgonjwa hana salio. Ikipita tarehe na simu zote tatu hazipatikani, mjumbe wa mtaa aende nyumbani kuuliza, ndipo mfikirie kumtafutia mwenyewe mwingine. Mtumieni picha ya mbwa wake kila baada ya siku mbili tatu. Anayeona picha harukwi na akili kwamba mbwa wake keshauzwa.

Afya Moja

Kwenye karatasi ya Stoo hapo ongeza mstari mmoja: "Je, amemng'ata mtu ndani ya siku 10 zilizopita?" Akisema ndiyo, mbwa haendi kwa familia yoyote. Anakaa kizimba cha peke yake, kimefungwa kufuli, siku 10 tangu siku ya kung'ata, analishwa bila kuguswa, afisa mifugo anaarifiwa. Akiwa mzima siku ya 10, hakuwa akiambukiza kichaa alipong'ata. Akibadilika au kufa, msimzike wala msimkate, piga simu kwa afisa mifugo sampuli ichukuliwe.

Na aliyeng'atwa hasubiri hizo siku 10. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dozi ya kwanza ni siku 0, zinafuata siku ya 3 na ya 7, na kuendelea kama atakavyopangiwa. Wafanyakazi wenu wa vizimba wachanjwe kabla, wasisubiri kung'atwa.

Msaidizi wa Banda

Swali la mwisho kwa Bi Paka. Watu hawana makasha ya kubebea paka, wanaleta kwenye viroba. Tufanyeje?

Bi Paka

Kiroba hapana mwanangu, kwenye bodaboda juani atakufa kwa joto kabla hajafika. Nunueni makapu ya ukili kumi yenye mfuniko, muazime kwa kuandikisha simu. Ndani kanga kuukuu, mfuniko ushonwe kwa kamba pande nne, si mbili. Upande ulioachwa ndipo kichwa kinapitia, na kichwa kikipita paka mzima kapita. Likirudi lioshwe na lianikwe juani siku nzima kabla ya kuazimwa tena.